Darasa la Kigiriki Mwanjelwa: Jumamosi tuliyojifunza kupaza sauti

Nimehitimisha majuma kumi ya darasa la Kigiriki cha Agano Jipya linalofanyika kila Jumamosi alasiri katika chumba cha ghorofani, jirani na soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na kwa kuwa watu kadhaa wa ushirika wetu pamoja na walimu wenzangu wameniuliza kama ada yake inastahili kulipwa, nimeona niandike tathmini hii kwa kirefu kuliko kumjibu kila mmoja kwa maneno mawili njiani. Ada ni shilingi 60,000 kwa kozi nzima, kijitabu cha mazoezi kinauzwa shilingi 8,000 mbali na ada, na kipindi huanza saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, kwa hiyo nilikwenda na masikio ya mtu aliyezoea kufundisha sarufi. Tathmini yangu itaegemea juma la sita kuliko majuma mengine yote, kwa sababu ndilo lililonionyesha darasa hili linaweza kumfikisha mtu wapi.

Juma la sita tulifundishwa kitenzi kimoja tu, κράζω, kinachotamkwa krazo. Ni kitenzi cha kutoa sauti kubwa kutoka kooni, na kimo katika Agano Jipya zaidi ya mara 50, kwa hiyo hakuna msomaji wa Kigiriki anayeweza kukikwepa. Kijitabu chetu kilikuwa kimekipa mstari mmoja katika orodha ya msamiati: krazo, kisha nukta mbili, kisha neno "kulia". Basi. Niliukariri mstari ule siku mbili kabla ya kipindi kama nilivyokariri mingine, nikaamini nimekwisha kukijua kitenzi hicho.

Neno "kulia" si kosa kamili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kwa Kiswahili mtoto hulia, kengele hulia, bunduki hulia na ndege hulia, wala hakuna chozi katika hivyo vitatu vya mwisho. Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, huitumia maana hiyo pana bila wasiwasi. Fungua Yohana sura ya 11. Mstari wa 35 Yesu "akalia machozi", na mstari wa 43 "akalia kwa sauti kuu" akimwita Lazaro atoke kaburini. Kwa Kigiriki hivyo ni vitenzi viwili visivyo na undugu wowote: cha kwanza, dakryo, kimetokana na neno lenye maana ya chozi, na cha pili, kraugazo, ni ndugu wa karibu wa krazo na hakina unyevu hata kidogo. Watafsiri waliongeza neno "machozi" upande mmoja, na upande wa pili wakaihifadhi "kwa sauti kuu" iliyomo katika Kigiriki chenyewe, ili msomaji asichanganye, na waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Kijitabu chetu kimeliacha "kulia" peke yake, bila kitu cha kulishika mkono.

Madhara ya jambo hilo nayajua kwa sababu yamenipata. Katika Warumi 8:15 tunasoma kwamba kwa roho ya kufanywa wana "twalia, Aba, yaani, Baba", na kwa miaka mingi niliusoma mstari huo kama mstari wa machozi, nikawaeleza hivyo hata vijana wa kipaimara niliokuwa nikiwasaidia. Kitenzi cha hapo ni krazo. Anayesemwa pale ni mtoto anayemwita baba yake kwa sauti ya kusikika, bila kujizuia, kwa kuwa anajua kwamba ana haki ya kumwita. Hilo sikulipata kijitabuni. Nililipata darasani.

Mwalimu wetu ni mchungaji mstaafu, nasi sote tunamwita Mchungaji. Siku hiyo hakugusa chaki kwa karibu nusu saa nzima. Alifungua dirisha linalotazama mapaa ya maduka, ambako kunguru hawakosekani tangu asubuhi, akatuomba tunyamaze na kusikiliza. Kisha akatuambia kwamba kunguru ndiye mwenye kitenzi hiki, kwa maana Wagiriki walikitumia kwa mlio wake kabla hatujafika kwa Bartimayo, yule kipofu mwombaji, na mitume, na akatutaka kila mmoja aitoe silabi "kra" kutoka nyuma ya koo, si kutoka midomoni. Tulikuwa wanafunzi 14. Tulianza kwa aibu, kwa kuwa watu wazima hawapendi kupiga kelele mbele ya wenzao, lakini alipotupitisha katika nafsi zote sita, krazo, krazeis, krazei, krazomen, krazete, krazousin, mara tatu mfululizo, chumba kilikuwa kinatetemeka. Fundi cherehani wa chini alipanda ngazi kuuliza kama kuna mtu amepatwa na jambo. Mchungaji alimkaribisha kiti, akamweleza tunachofanya, na yule baba alibaki nasi mpaka mwisho wa sehemu ile.

Wagiriki wenyewe waliisikia sauti hii kwa wanyama wengine pia. Mchungaji alitutajia tamthilia ya Aristophanes iitwayo Vyura, iliyoonyeshwa Athene mwaka 405 kabla ya Kristo, ambamo vyura wa ziwani humwimbia mungu Dionysus "brekekekex koax koax", na anapowakaripia wanyamaze, wao humjibu kwa umbo la kitenzi hikihiki kwamba hawatanyamaza, watazidi kupiga kelele. Ilikuwa mwezi Machi, mvua za Mbeya zikiwa zimeshika, na mtu yeyote aliyelala karibu na mtaro katika mwezi huo hahitaji kuelezewa vyura wasioambilika. Mfano huo ulituingia sote papo hapo. Nimeona walimu wengi wa lugha wakitafuta mifano mbali, na huyu aliupata nje ya dirisha.

Baada ya hapo ndipo alipogeukia ubao, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo mimi kama mwalimu wa sarufi nisingekubali kuiuza hata kwa ada mara mbili. Vitenzi vingi vya Kigiriki vinavyoishia na -zo huacha z yao na kupokea s katika wakati ujao: baptizo, nabatiza, huwa baptiso, nitabatiza. Nilikuwa nimeizoea kanuni hiyo, na katika zoezi la juma la tano nilikuwa nimeandika kraso kwa kujiamini. Umbo sahihi ni kraxo. Mzizi wa kitenzi hiki ni krag, wenye g mwishoni, na ile z tunayoiona katika krazo ilitokana na g hiyo kukutana na sauti ya y katika Kigiriki cha kale sana. Wakati ujao unapoleta s yake, g na s huungana kuwa x, ambayo Wagiriki huiandika kwa herufi moja. Kwa hiyo g haijapotea. Imejificha nyuma ya z na hujitokeza mara inapopata nafasi.

Niliinua mkono nikasema kwamba Kiswahili kinafanya jambo lililo karibu sana na hilo. Tunajenga, lakini anayejenga ni mjenzi na kazi yake ni ujenzi. Anayeloga ni mlozi. G ya kitenzi hugeuka z inapofuatwa na irabu i ya kuundia nomino, na hakuna mtoto wa Kitanzania anayefundishwa jambo hilo, kwa maana hulinyonya pamoja na lugha. Mchungaji alisimama kidogo, akaniambia, "Mwalimu, njoo uandike hilo hapa mbele," nami nikaandika jenga na mjenzi chini ya krag na krazo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea wakati ujao wa kitenzi hiki darasani.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba krazo haiko peke yake. Vitenzi vingi vya sauti vyenye -zo vina mzizi wa aina hii unaozaa x: stenazo, kuugua au kushusha pumzi kwa uchungu, hutoa estenaxa, alalazo hutoa alalaxo, ololyzo hutoa ololyxo. Mtu akishajua kwamba kitenzi kinahusu mlio wa koo, tayari ana sababu ya kuitarajia x. Mchungaji alikuwa mwaminifu kutuonya kwamba kanuni hiyo si sheria ya chuma, kwani kraugazo, tuliyoiona kwa Lazaro, hufuata njia ya baptizo na kutoa ekraugasa, kwa kuwa iliundwa baadaye kutokana na nomino yenye maana ya ukelele. Hapo alitupa zawadi nyingine ndogo: kraugazo imo katika Agano Jipya mara 9, na 6 kati ya hizo ni za Yohana, ambaye kwa matini yanayotumiwa na wasomi wengi leo ameiweka midomoni mwa umati unaosema Hosana katika sura ya 12 na tena midomoni mwa umati unaotaka Yesu asulubiwe katika sura ya 19. Sauti ni ileile. Kulikuwa na kimya kirefu darasani baada ya mistari hiyo miwili kusomwa.

Alalazo na ololyzo zilileta mazungumzo ambayo kijitabu hakikuyaandaa. Ya kwanza ilitokana na ukelele wa vita, "alala", na katika Agano Jipya imo mara mbili tu: kwa waombolezaji katika nyumba ya Yairo, Marko 5:38, na kwa upatu uvumao wa 1 Wakorintho 13. Ya pili imo mara moja, Yakobo 5:1, matajiri wanapoambiwa wapige yowe, lakini zamani ilikuwa sauti ya wanawake wa Kigiriki katika ibada za dhabihu, sauti ambayo sisi tungeifananisha na vigelegele. Mama mmoja mtu mzima, ambaye husafiri kila Jumamosi kutoka Rungwe, alisema, "Mchungaji, kwetu yowe la msiba halifanani na yowe la moto. Ukiwa mgombani unalisikia, unajua ubebe ndoo au ubebe kitenge." Mchungaji akamjibu, "Mama, hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta leo." Kiswahili sanifu hakikosi utajiri huo, ila sisi huuweka katika nomino na kuisukuma kwa kitenzi kimoja: tunapiga yowe, tunapiga ukunga, tunapiga kelele, tunapiga vigelegele. Mgiriki huiweka sauti ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa sababu hiyo, orodha ya msamiati inayompa mwanafunzi neno moja mkabala na neno moja haiwezi kumtosheleza hapa, hata ikiandikwa na mtaalamu.

Sehemu ya mwisho ya kipindi ilihusu umbo kekraga. Hili ni umbo la hali timilifu, linalopatikana kwa kurudia konsonanti ya kwanza mbele ya mzizi, na linamhusu Yohana Mbatizaji katika Yohana 1:15. Vitabu hueleza kwamba lina sura ya tendo lililokwisha lakini maana yake ni ya sasa, na wanafunzi wanaosoma kwa kupitia lugha za Ulaya hulazimika kulikariri kama ajabu. Sisi hatuna haja hiyo. Tukisema "amesimama", "ameketi" au "amelala", tunatumia -me- ya tendo lililokamilika kuelezea hali inayoendelea mbele ya macho yetu. Kekraga inaingia hapo bila kulazimishwa: amepaza sauti, na sauti bado iko hewani. Tafsiri ya Kigiriki ya Zaburi hutumia umbo la kitenzi hikihiki, ekekraxa, katika ile tunayoihesabu kuwa ya 130, na Biblia yetu husema "toka vilindini nimekulilia". Nilipoiona -me- ile pale nilihisi kwamba watafsiri wa 1952 walikuwa wameketi nasi darasani.

Zoezi la kufungia lilikuwa Marko 10, Bartimayo. Katika mstari wa 47 anaanza kupaza sauti, krazein, watu wanamkemea, na mstari wa 48 Marko anatumia ekrazen, wakati uliopita wa tendo linaloendelea, sio ekraxen ya tendo la mara moja. Hakupiga ukelele mmoja akanyamaza. Alikuwa akipaza na kuendelea kupaza, wakimzuia na yeye akizidi. Tuliusoma mstari huo kwa zamu, na Mchungaji alimrudisha kila aliyeusoma kwa sauti ya kusinzia.

Sasa nieleze upungufu, kwa kuwa ninalipenda darasa hili na ningependa lidumu. La kwanza ni kijitabu. Alama za juu ya herufi zimeruka katika kurasa nyingi kwa sababu ya uchapaji, na katika kurasa tatu herufi za Kigiriki zimegeuka vijisanduku vitupu ambavyo tulilazimika kuvijaza kwa kalamu Mchungaji akitusomea. Kosa hilo ni la steshenari iliyochapa, lakini mwanafunzi ndiye anayelilipia, na shilingi 8,000 ni fedha nyingi kwa kitu kinachohitaji kusahihishwa kabla ya kutumika. Maelezo ya maana za maneno nayo, kama nilivyoonyesha kwa "kulia", ni mafupi mno.

La pili ni kwamba majuma mengine hayakufikia kiwango cha juma la sita. Majuma mawili ya nomino na vipashio vyake yalikuwa ya kunakili majedwali kutoka ubaoni hadi daftarini, na watu wawili waliacha kuja katika kipindi hicho. Ninaamini Mchungaji angeweza kuzifundisha nomino kwa roho ileile aliyoitumia kwa krazo, kwa sababu Mswahili aliyekulia katika ngeli ana msingi mzuri: amezoea tangu utoto kwamba nomino hutawala kivumishi na kitenzi. Fursa hiyo ilipita bila kuguswa. Juma la nane, la vitenzi vishirikishi, lilirudi katika uhai, na la kumi lilikuwa mtihani.

Rekodi za sauti tunazotumiwa katika kundi la WhatsApp baada ya kila kipindi ni wazo zuri ambalo halijatekelezwa ipasavyo. Simu inayorekodi huwekwa mezani mbali na msemaji, na mvua ikinyesha juu ya bati husikii lolote isipokuwa bati. Kwa somo ambalo msingi wake ni sauti, hilo ni pengo kubwa. Ningeshauri Mchungaji arekodi matamshi peke yake nyumbani, asubuhi, kabla shughuli hazijaanza, hata dakika tano tu kwa juma.

Chumba chenyewe kinafaa, viti vinatosha, na daladala za Uyole na za upande wa Mbalizi hushusha abiria karibu, kwa hiyo hata anayetoka nje ya mji hafiki akiwa amechoka. Mwezi Juni na Julai mje na sweta, kwa sababu lile dirisha halifungi vizuri.

Je, ada inastahili kulipwa? Kwa mhubiri, kwa mwalimu wa lugha, na kwa msomaji wa Biblia anayetaka kujua kwa nini tafsiri yake inasema "yowe" kwa Petro anayezama, "kelele" kwa mawe ya Luka 19:40 na "kulia" kwa mtoto wa Warumi 8 ilhali Kigiriki kina kitenzi kimoja mahali pote patatu, ninajibu ndiyo bila kusita. Kwa anayetafuta cheti, hapana, kwa kuwa darasa hili halitoi. Kwa mwanafunzi wa teolojia anayejiandaa kwa mtihani wa chuo, litamsaidia katika vitenzi na litamwacha na kiu katika nomino, hivyo atafute msaada wa ziada mapema.

Awamu inayofuata, tumeambiwa, itaanza baada ya mavuno. Ukikinunua kijitabu kama kilivyo, fungua ukurasa wa 31, mstari wa nne kutoka chini, na mbele ya neno "kulia" uandike kwa kalamu: kupaza sauti, kupiga yowe, kumlilia mtu, kraxo, ekraxa, kekraga. Nafasi ya pembeni inatosha. Mimi nimepima.